Uwiano wa Utegemezi: Hesabu ya Umri, si ya Jasho

Kwenye fomu ya bima ya afya, mtegemezi ni mtu, mathalani mwenza au mtoto, aliyeandikishwa chini ya jina la mwenye kadi. Mtaalamu wa idadi ya watu hahitaji majina. Kwake mtegemezi ni kila aliye chini ya miaka 15 na kila aliyetimiza 65. Wote hao hujumlishwa, wakagawanywa kwa idadi ya walio kati ya miaka 15 na 64, kisha jibu likazidishwa kwa 100. Jibu hilo ndilo huitwa uwiano wa utegemezi.

Kwa Mtanzania neno hili lina uchungu kidogo. Azimio la Arusha la 1967 lilikufanya kujitegemea kuwa dira ya taifa, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kuitwa tegemezi ni karibu na kulaumiwa. Lakini uwiano huu haumlaumu mtu, wala hauulizi nani anafanya kazi. Bibi wa miaka 70 anayedamka kupalilia mahindi, akarudi na mzigo wa kuni kichwani, na ambaye ndiye anayewanunulia wajukuu madaftari, huhesabiwa mtegemezi. Mjukuu wake wa miaka 19 aliye shule ya bweni huwekwa upande wa wanaotegemewa. Mtumishi wa umma aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 naye yumo upande huo, kwa miaka mitano zaidi. Kwa hiyo ni heri kusema kwa ukamilifu: uwiano wa utegemezi wa umri.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba jumla huficha sura. Sensa ya Kenya ya 2019 inatoa uwiano wa takriban 75. Ile ya Japani ya 2020, takriban 68. Mtu angedhani nchi hizi zina mzigo unaofanana. Zikichambuliwa, Kenya ina watoto 68 na wazee 7 kwa kila watu 100 wa umri wa kazi, ilhali Japani ina watoto 20 na wazee 48. Moja inatafuta madarasa na walimu, nyingine inatafuta wauguzi wa kulea wazee.

Sura hiyo huchongwa na mambo matatu: kuzaliwa, kufa na kuhama.

Uzazi ndio wenye nguvu kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8, na karibu nusu ya Wakenya walikuwa chini ya miaka 15. Utafiti wa 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4. Wasichana walikaa shuleni muda mrefu zaidi, huduma za uzazi wa mpango zikafika vijijini, na watoto wengi zaidi wakapona surua na malaria, hata wazazi wakawa na matumaini ya kuwaona wakikua. Hata hivyo idadi ya Wakenya haikuacha kupanda, kwa sababu mabinti waliozaliwa enzi za familia kubwa ni wengi, nao wamekuwa mama.

Kuhama huigeuza sura kwa haraka zaidi. Nchini Qatar karibu robo tatu ya wakazi ni wanaume, kwa kuwa wafanyakazi wa kigeni, wakiwemo Wakenya na Waganda, huingia wakiwa na umri wa kazi na kuacha watoto na wazee nyumbani. Uwiano wa Qatar unakuwa mdogo sana, lakini wategemezi wapo: wamehesabiwa kwenye sensa ya nchi nyingine, wakisubiri fedha za mwezi.

Kwa mpangaji wa bajeti, basi, sehemu mbili za uwiano zinafaa kusomwa kila moja peke yake. Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, swali la kwanza lilikuwa wazee ni wangapi. Idadi ya watoto, iliyo kubwa mara nyingi zaidi, isingesaidia kulijibu.