Pikapu Yenye Nyumba Mgongoni: Rimu na Matairi kwa Safari za Kutokea Kigali

Kigali imekuwa kituo cha wasafiri wanaolala garini. Wengine hukodi hapa hapa Land Cruiser au Hilux yenye hema juu ya keria, wakashika njia ya hifadhi za Akagera na Nyungwe au ufukwe wa Ziwa Kivu. Wengine huingia na magari yao kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam: pikapu zilizobebeshwa kijumba kizima chenye kitanda, jiko, friji, betri na tangi la maji. Kwa mtazamaji wa barabarani wote ni watalii. Kwa matairi, hao ni wasafiri wa aina mbili tofauti kabisa. Hema la keria lina kilo 50 hadi 70 hivi. Kijumba kinachokaa kwenye bodi ya pikapu huanzia kilo mia kadhaa, na kikishajazwa maji, gesi, chakula na zana, katika magari makubwa hukaribia au kupita tani moja.

Uzito huo haushushwi. Lori la mchanga humwaga mzigo likarudi tupu, lakini pikapu yenye nyumba hubeba mzigo wake kwenye kila mpando na kila mteremko, na hata inapolala kambini matairi yake yamebanwa vilevile. Nchi yenyewe ni ya milima: ukitoka Kigali kuelekea Musanze, Muhanga au Gatuna, ni nadra kupata kilomita chache za tambarare. Kwa hiyo uchaguzi wa tairi hapa unatawaliwa na mambo mawili, uzito na joto. Sura ya gari ije baadaye.

Hesabu inaanzia mizani

Gari lipimwe likiwa tayari kwa safari: tangi la maji limejaa, mafuta yamejaa, abiria wamekaa. Ekseli ya mbele ipimwe peke yake, kisha ya nyuma. Jumla ya uzito wa gari haitoshi, kwa sababu kijumba hukalia zaidi ekseli ya nyuma, na mara nyingi friji, betri na maji viko upande mmoja.

Tuchukue mfano. Ekseli ya nyuma imeonyesha kilo 2,300. Ukigawa kwa mbili, kila tairi linabeba 1,150. Lakini upande wenye maji na betri unaweza kuwa na 1,250, na gari likiinama kwenye kona huongezeka tena kwa muda. Ukiacha akiba ya asilimia 15, unatafuta tairi linaloweza kubeba zaidi kidogo ya kilo 1,430. Akiba hiyo naitetea kwa nguvu. Tairi linaloishi kwenye kikomo chake kila siku huchoka ndani kabla uso wake haujaisha, na uchovu wa ndani hauonekani kwa macho.

Jambo moja lisisahauliwe: tairi imara haliongezi kikomo cha gari. Ekseli, springi, fremu, breki na beringi za habu zina kikomo chake, kilichoandikwa na mtengenezaji kwenye kibati cha mlangoni au kwenye kitabu cha gari. Mizani ikionyesha kwamba kikomo hicho kimepitwa, dawa ni kupunguza mzigo au kuhamia gari kubwa zaidi.

Maandishi ya ubavuni

Ubavu wa tairi una karibu kila kitu mnunuzi anachohitaji. Chukua LT235/85R16 120/116Q. LT ni jamii ya matairi ya magari mepesi ya mizigo, upana ni milimita 235, kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya upana huo, R ni tairi la radiali, na 16 ni inchi za rimu. Namba 120 humaanisha kilo 1,400 kwa tairi linalokaa peke yake, na 116 ni kilo 1,250 kwa matairi yanayokaa mawili mawili upande mmoja. Herufi Q ni kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa, ambayo inazidi mahitaji kwa mbali, maana alama za barabarani Rwanda mara nyingi husema 60 au 80 na kamera ziko macho.

Kwa mzigo wa mfano wetu tunahitaji namba 121, yaani kilo 1,450. Namba hiyo hupatikana kwenye baadhi ya matairi ya LT 265/70R17 na kwenye matairi ya magari ya mizigo yenye herufi C mwishoni, kama 225/75R16C.

Mtego mkubwa uko kwenye herufi zinazokosekana mwanzoni. Pikapu nyingi hutoka dukani na 265/65R17 yenye namba 112, bila LT. Hilo ni tairi la jamii ya magari ya abiria. Namba 112 ni kilo 1,120, lakini tairi la abiria likifungwa kwenye pikapu, kanuni ya kiufundi hutaka ugawe uwezo wake kwa 1.10. Zinabaki kilo 1,018. Mawili hayo yanabeba 2,036, na ekseli yetu ina 2,300. Matairi ni mapya, yanang'aa, yana upana wa kuvutia, na bado hayatoshi kwa zaidi ya kilo 260. Ukiyatazama kwa jicho tu hutajua. Ndiyo maana namwomba kila mwenye kijumba ainame asome ubavu kabla ya kusifia kashata, yaani meno ya uso wa tairi.

Kuna pia suala la plai, yaani tabaka. Herufi C, D na E kwenye matairi ya LT hulingana na plai 6, 8 na 10. Siku hizi tairi lenye daraja la plai 10 halina tabaka kumi za kweli. Hicho ni kipimo cha nguvu na cha upepo ambao tairi linaweza kushika. Kwa kijumba kizito, chini ya E ni kujitafutia matatizo.

Upepo na joto

Tairi halibebi mzigo; upepo uliomo ndani ndio unaobeba. Tairi la LT235/85R16 la daraja E likiwa na psi 80 hubeba karibu kilo 1,380. Likishushwa hadi 65 hubeba kama 1,190, na kwa psi 50 hubaki karibu 1,000. Mtu aliyenunua tairi bora kisha akajaza psi 45 kama alivyozoea kwenye gari tupu, amerudi alikokuwa.

Upepo ukipungua, ubavu hujikunja zaidi kila gurudumu linapozunguka, na mkunjo huo huzaa joto. Joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma, tabaka hubanduka, tairi hupasuka. Hii ndiyo sababu matairi ya malori hadi leo hutumia mpira wa asili kwa kiwango kikubwa kuliko ya magari madogo: mpira wa mti huzalisha joto kidogo unapokunjwa. Kuendesha kwa 60 badala ya 80 pia kunasaidia sana.

Wanaopanda kutoka pwani huuliza kama mwinuko hubadilisha upepo. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ni nyepesi zaidi, kwa hiyo geji husoma kama psi 2 zaidi kuliko Dar es Salaam kwa upepo uleule. Lakini asubuhi ya Kigali ni baridi. Tairi la psi 65 lililojazwa kwenye nyuzi 30 za Dar es Salaam, likipimwa kwenye nyuzi 18, hupoteza psi 3 hivi. Mawili hayo karibu yanafutana. Cha muhimu ni kupima asubuhi, tairi likiwa baridi, na kutotoa upepo mchana kwa sababu geji imepanda. Kupanda huko ni jambo la kawaida, na anayeutoa ataamka na tairi lenye upungufu.

Joto lina mlango wa pili: breki. Kushuka kutoka Shyorongi hadi Nyabugogo, au kutoka misitu ya Nyungwe kuelekea Rusizi, ukiwa na tani tatu na mguu juu ya pedali, hupasha diski na ngoma, nazo hupasha rimu, na rimu hupasha mdomo wa tairi. Gia ndogo tangu juu ya mteremko hulinda breki na matairi kwa pamoja. Baada ya mteremko mrefu, shika habu kwa tahadhari, ukilinganisha magurudumu: moja likiwa moto kuliko mengine, kuna breki inayokamata au beringi inayokufa.

Rimu

Watu hutumia fedha nyingi kwenye tairi kisha wakalifunga kwenye rimu isiyojulikana ilikotoka. Rimu nayo ina uzito wake wa mwisho, ambao kwa kawaida hugongwa upande wa ndani. Katika mfano wetu, rimu ya kilo 1,150 chini ya tairi la kilo 1,450 ndiyo inayoamua, na imeshindwa. Rimu za aloi zinazotoka Japani huwa na alama ya JWL kwa magari madogo na JWL-T kwa malori na mabasi. Kwa kijumba tafuta ya pili.

Chuma au aloi? Kwa safari za ndani kabisa napendelea chuma. Rimu ya chuma ikigonga shimo hujikunja, na fundi huweza kuinyoosha ikakufikisha. Ya aloi hupata ufa. Aloi ni nyepesi na hutoa joto la breki vizuri zaidi, kwa hiyo anayebaki kwenye lami ana sababu ya kuichagua.

Matundu ya nati lazima yaoane: Hilux ina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, Land Cruiser 79 ya kuanzia 1999 ina tano kwenye duara la 150. Rimu isichomoze nje kuliko ya kiwandani kwa kiasi kikubwa, kwani kila sentimita ya nje huongeza nguvu ya kupinda kwenye beringi na stadi za habu. Vipande vya kupanua vinavyowekwa kati ya habu na rimu ni ubaya uleule. Nati nazo si moja. Rimu za chuma za Toyota hutumia nati zenye mdomo wa koni, na rimu zake nyingi za aloi hutumia nati zenye washa bapa. Ukizichanganya, zitakazika vizuri leo na kulegea njiani.

Land Cruiser za zamani na Canter nyingi (malori madogo) zina rimu za pete, zenye tyubu. Mafundi wa barabarani wanazifungua kwa nyenzo za mkono, na hiyo ni faida kubwa porini. Lakini pete isipokaa vizuri wakati wa kujaza upepo huruka kwa nguvu ya kuua. Ajazaye asimame kando, na tairi liwe ndani ya kizimba au limefungwa kwa mnyororo.

Saizi inayopatikana njiani

Saizi nzuri ni ile ambayo fundi wa mji unaofuata anayo dukani. Kwenye njia za kutokea Kigali, 7.50R16 inajulikana kwa sababu ya Land Cruiser na Canter. Saizi za Hilux pia zipo. Saizi za kifahari zilizoagizwa kwa ajili ya gari moja zitakufanya usubiri.

Kukuza saizi kuna gharama. Kutoka 265/65R17 hadi 265/70R17, kipenyo hupanda kutoka milimita 776 hadi 803, yaani asilimia 3 na nusu hivi. Dashibodi ikionyesha 60, unaenda 62. Gia zote zimekuwa ndefu kidogo, na kwenye milima hii injini iliyobeba nyumba italisikia hilo.

Kwa uso wa tairi, matairi ya ardhi mchanganyiko yanawafaa wengi. Ya matope yenye meno makubwa ni mazito, hupata joto kwenye lami na hupiga kelele. Yana maana kwa anayeingia barabara za udongo mwekundu wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Upande wa Musanze na Rubavu mawe ya volkano ni makali na huchana mbavu, hivyo ubavu wa tabaka tatu hulipa. Akagera adui ni mwiba na matuta madogo ya barabara za vumbi. Huko baadhi hupunguza upepo kwa robo. Kwa kijumba kizito, fanya hivyo kwa mwendo wa polepole tu, na uwe na pampu ya kuurudisha kabla ya lami.

Umri na soko

Zamani ukanda huu ulijitengenezea. General Tyre ya Arusha ilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na Sameer Africa, waliotengeneza matairi ya Yana, walifunga kiwanda chao cha Nairobi mwaka 2016. Sasa matairi mengi yanavuka bahari, yanakaa kwenye makontena na maghala, kisha yanapanda hadi Kigali. Tairi jipya dukani laweza kuwa na miaka. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Kwa kijumba nisingenunua lenye zaidi ya miaka miwili, wala kuendesha lililopita miaka sita au saba bila ukaguzi wa ndani. Ya mtumba yaachwe kabisa: historia ya upepo wake haijulikani.

Gatsata ndiko karakana na maduka ya vipuri yamerundikana. Usipange kwenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi. Ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na milango imefungwa.

Mwenye kuhamia Canter atakutana na matairi pacha nyuma. Asome namba ya pili ya uzito, anunue ya kipenyo kimoja, aangalie jiwe lililobanwa katikati, na apime la ndani kila asubuhi. La ndani likiisha upepo, mwenzake hubeba mzigo wote bila dalili yoyote kwenye usukani, na lililolegea hujisaga hadi kuwaka moto.

Matairi mapya yakishafungwa, nati zikazwe kwa msalaba, kwa spana ya kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bunduki ya upepo ianzishe tu. Kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100: anayekwenda Huye asimame Muhanga, anayekwenda Akagera asimame Kayonza.