Sheria za barabarani Kisii na Nyamira: abiria anasimama wapi?

Keroka ni mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, kwenye barabara ya kuelekea Sotik. Mtu wa pwani akifika huko hushangazwa na Probox: gari dogo la watu watano likipanda vilima na wanane au tisa, dereva mwenyewe akigawana kiti na abiria. Tusiwacheke, bodaboda zetu hapa pwani nazo hupakia watatu.

Sheria ipo. Kanuni za waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004: kila matatu iwe na mikanda na kidhibiti mwendo, isizidi kilomita 80 kwa saa. Wenye matatu waligoma na watu wakaenda kazini kwa miguu, lakini abiria wengi waliziunga mkono, maana kila mmoja alipata kiti chake. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2012 yakawagusa bodaboda: kofia ngumu, koti la kung'aa, abiria mmoja tu. Kofia inayostahili hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi, ila abiria wengi huikataa wakisema imevaliwa na kila mtu.

Ugumu huanza sheria inapogusa mfuko. Mama anayewahi soko la Daraja Mbili mjini Kisii anaijua hatari ya kubanwa wanne mbele. Anajua pia kuwa gari likibeba watano tu, nauli itapanda. Mzazi atadai matuta mbele ya shule, kisha asubuhi awapakie watoto watatu kwenye pikipiki moja. Huu si unafiki, ni hesabu ya pesa, na faini pekee haiifuti.

Njia moja iliyopimwa hapa Kenya ni sauti ya abiria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, waliweka vibandiko ndani ya matatu kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari. Madai ya bima ya magari hayo yalishuka kwa nusu au zaidi, na hapo ndipo ilipotoka kampeni ya Zusha!

Lakini hiyo ni matatu, ambamo abiria amelipia kiti chake. Kwenye Probox, yule wa tisa ameomba mwenyewe asogezewe nafasi. Atamkemea dereva vipi?