Kizunguzungu hakikuwa kichwani

Ndugu wasikilizaji, leo nitaanzia nyumbani kwetu, kisha tutakwenda Ulaya, na nikijaliwa nitawarudisha salama. Shangazi yangu, mwanamke mwenye nguvu zake, aliyekuwa akiuza vitumbua mtaani kila alfajiri, aliamka siku moja akaona dari inazunguka. Akashika kitanda kwa mikono miwili. Haukupita muda mambo yakatulia, akainuka, akawasha jiko. Usiku, alipojigeuza tu kitandani, nyumba ikazunguka tena. Hali hiyo ikaendelea kwa miezi.

Alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni malaria, akanywa dawa. Baadaye ikawa presha, akanywa dawa. Baadaye tena ikawa upungufu wa damu. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, akashauri aitwe mganga, kwa kuwa mambo ya kuzungushwa usiku si ya hospitali. Biashara ya vitumbua ikafa, maana nani atakaa mbele ya mafuta ya moto ilhali hajui dunia itageuka saa ngapi? Nilipokwenda kumjulia hali nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu. Ndiyo kama unionavyo, nimekuwa pia ya watoto." Halafu akaniambia jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani: kwamba akilalia ubavu wa kushoto hapatwi na neno, ila akigeukia kulia tu, ndipo. "Nimewaambia wote," akasema, "lakini sijaona aliyeandika."

Wasikilizaji, maneno hayo ya shangazi ndiyo yaliyonifanya nitafute historia ya maradhi haya. Kizunguzungu, neno letu lililotoka katika kuzunguka, ni maradhi ya zamani sana, lakini elimu yake ya hospitali si ya zamani. Hadi katikati ya karne ya 19, mtu wa Ulaya aliyeanguka kwa kizunguzungu alihesabiwa kuwa damu imejaa kichwani mwake, kwamba ni mdogo wake kiharusi. Tiba yake ilikuwa kumpunguza damu hiyo: kukatwa mshipa, kuwekewa ruba, kupewa dawa ya kumharisha. Mtu anaingia na kizunguzungu, anatoka hana damu, na kizunguzungu anacho.

Aliyepinga jambo hilo alikuwa Prosper Ménière, mganga mkuu wa taasisi ya viziwi mjini Paris. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa masikio, aliona lile ambalo wenziwe hawakuwa na nafasi ya kuliona: wagonjwa wengi wenye kizunguzungu na kutapika walikuwa pia wanasikia mlio masikioni, na usikivu wao ulikuwa unapungua. Januari 1861 alisimama mbele ya Chuo cha Tiba cha Paris akasema kwamba maradhi hayo makao yake ni sikio la ndani. Alieleza habari za msichana aliyesafiri usiku wa baridi juu ya gari la farasi, akapata uziwi wa ghafla na kizunguzungu kikali, akafa siku ya tano. Walipompasua, ubongo wake ulikuwa mzima. Kasoro ilikuwa ndani ya sikio.

Si kwamba Ménière alizungumza bila msingi. Mfaransa mwenzake, Pierre Flourens, alikuwa amekwisha kukata mifereji midogo iliyomo ndani ya masikio ya njiwa, akaona ndege wale wanaanza kuzunguka kama waliorukwa na akili. Mifereji hiyo ni mitatu kila sikio, imepinda mfano wa nusu duara, na ndani yake mna maji. Lakini hotuba ya Ménière haikuvuma, naye akafa mwaka uliofuata, 1862. Leo kuna ugonjwa unaoitwa kwa jina lake, heshima ambayo hakuionja.

Sasa twende Vienna, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika kliniki ya masikio ya mji ule alikuwapo daktari kijana, Robert Bárány, aliyezaliwa mwaka 1876. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ya kuchosha: kuosha masikio ya watu kwa bomba la maji. Wengi walilalamika kwamba wakioshwa wanapata kizunguzungu, na macho yao yalikuwa yanacheza, yakienda upande mmoja polepole na kurudi kwa mshtuko. Madaktari wote wa masikio walilijua jambo hilo na walilizoea. Mgonjwa mmoja ndiye aliyemwambia Bárány kuwa kizunguzungu humpata pale tu maji yanapokuwa hayana moto wa kutosha. Nyumbani, akijiosha mwenyewe kwa maji ya vuguvugu, hapati taabu.

Hebu fikiri, msikilizaji. Daktari mwingine angecheka, au angemkaripia muuguzi basi. Bárány aliagiza maji ya moto zaidi. Bahati yake, muuguzi alizidisha. Mgonjwa akapiga kelele kwamba sasa maji ni ya moto mno na kizunguzungu kimerudi, na Bárány, aliyekuwa akiyatazama macho yake, akaona yanacheza kuelekea upande mwingine, kinyume cha yalivyocheza kwa maji ya baridi. Hapo akakumbuka tangi la kupashia maji ya kuoga: maji yakipata moto hupanda juu, yakipoa hushuka. Akasema, basi na maji yaliyomo katika mifereji ya sikio yanafanya vivyo hivyo, nayo yakisogea, ubongo unadhani kichwa kinazunguka. Kama ni kweli, basi mgonjwa akigeuzwa kichwa juu chini, macho yacheze kinyume. Akajaribu, yakacheza kinyume.

Hivyo ndivyo maji ya baridi na ya moto yalivyokuwa kipimo. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kulijaribu sikio la ndani la mtu aliye hai, moja baada ya jingine, bila kisu. Kwa kazi hiyo Bárány alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, lakini habari zilimkuta mahali pa ajabu. Alikuwa amejitolea kwenda vitani kama daktari wa jeshi la Austria, ingawa goti lake lilikuwa gumu tangu utotoni kwa kifua kikuu cha mifupa, na Warusi wakamteka mwaka 1915. Mshindi wa Nobel alikuwa mateka huko Merv, katika nchi iitwayo leo Turkmenistan. Mwana wa mfalme wa Sweden aliyekuwa katika Msalaba Mwekundu alimwombea, akaachiliwa mwaka 1916, akaenda Stockholm kupokea tuzo yake. Aliporudi Vienna, wenziwe walimshitaki kwamba hakutaja waliomtangulia. Mimi naona wivu ulikuwa na sehemu yake humo. Akahamia Uppsala, Sweden, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka 1936.

Kichekesho ni kwamba maelezo yake hayakuwa kamili. Mwaka 1983 wanaanga waliokuwa ndani ya maabara ya Spacelab walijaribiwa kwa joto masikioni wakiwa huko juu, mahali ambapo kitu hakina uzito na cha moto hakipandi wala cha baridi hakishuki. Macho yakacheza vilevile! Kwa hiyo joto lina njia nyingine ya kuligusa sikio. Kipimo kinatumika hata leo. Maelezo ndiyo yaliyorekebishwa.

Lakini shangazi hakuhitaji maji ya baridi wala ya moto. Kizunguzungu chake kilikuwa cha namna nyingine, ambacho Bárány huyohuyo alikieleza mwaka 1921: kile kinachokuja kichwa kikilazwa upande fulani. Mwaka 1952 madaktari wawili wa London, Margaret Dix na Charles Hallpike, walieleza namna ya kukigundua: mgonjwa analazwa kwa haraka, kichwa kimegeuzwa, na daktari anatazama macho. Baadaye ikaeleweka kwamba ndani ya sikio mna chembe ndogo za chokaa zinazotusaidia kujua juu ni wapi, na kwamba zikichomoka na kuingia katika mfereji usio wake, zinavuruga maji yake kila mtu anapojigeuza.

John Epley, daktari wa Portland huko Marekani, alisema kama chembe zimeingia, basi zitolewe kwa njia zilikoingilia, yaani kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua. Alipowaonyesha wenziwe mwaka 1980 hawakumwamini. Maradhi ya miaka yatibiwe kwa dakika chache, bila dawa, bila upasuaji? Majarida yakamrudishia maandishi yake. Hayakuchapishwa mpaka mwaka 1992. Miaka 12, wasikilizaji, na watu wameshika vitanda.

Sisemi kila kizunguzungu ni sikio. Kikija pamoja na ulimi kuwa mzito, mkono kulegea au uso kupinda upande, hicho ni cha kukimbizwa hospitali saa ileile.

Shangazi naye alifika mwishowe kwa kijana mmoja, daktari wa masikio, pua na koo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, ukigeukia upande gani?" Akamlaza, macho yakacheza, shangazi akapiga ukelele na kumshika koti. Yule kijana akamtuliza, akamgeuza kichwa, akangoja, akamgeuza tena, akamwinua. Hata robo saa haikutimia. Nje, shangazi alikuwa ameudhika kidogo. "Hata kidonge kimoja hakunipa," akaniambia.

Juma lililofuata karai lilikuwa jikoni. Baada ya mwaka hivi dari ilizunguka tena, maana chembe zile huweza kurudi, lakini safari hiyo hakungoja malaria wala presha. Alikwenda moja kwa moja, akakaa, na kabla hajaulizwa akasema: "Kulia, mwanangu."