Uuzaji wa Ngazi: Fungu Linatoka kwa Nani?

Likasi na Lubumbashi watu husema "marketing de réseau", kwa Kifaransa, hata katikati ya mazungumzo ya Kiswahili. Dar es Salaam wanaiita "biashara ya mtandao". Jina hili la pili limeenea mno, lakini linapotosha. Siku hizi mtandao ni intaneti, hivyo kijana anayealikwa kwenye biashara ya mtandao hudhani atafundishwa kuuza vitu kwa simu. Akifika anakuta viti vimepangwa, msemaji amevaa suti, na ubaoni duara moja juu na maduara mengi chini yake. Mtandao uliokusudiwa ni wa watu: unamwingiza jirani, jirani anamwingiza shemeji yake, na kila wanaponunua au kuuza unapata fungu, na aliyekuingiza wewe anapata lake.

Mimi nachagua "uuzaji wa ngazi". Jina hili linasema wazi kwamba kuna bidhaa, na kwamba kuna aliye juu na aliye chini. Mfumo wenyewe ulianzia Marekani mwaka 1945, pale wauzaji wa vitamini za Nutrilite walipoanza kulipwa kwa mauzo yao na pia kwa mauzo ya watu waliowaingiza. Wawili kati ya wauzaji hao walifungua Amway mwaka 1959, na mtindo huo ukaanza safari ya kuzunguka dunia.

Jirani yake mbaya ni piramidi: mchezo ambao pesa ya anayeingia leo ndiyo inayomlipa aliyeingia jana. Tanzania sheria na magazeti huita mchezo huo upatu, na viongozi wa DECI, ambako watu "walipanda mbegu" wakisubiri kuvuna, walishtakiwa mwaka 2009 kwa kosa la kuendesha upatu. Naona neno hilo limeonewa. Kina mama wa Pwani walicheza upatu wao kwa uaminifu miaka mingi kabla ya mahakama kulichukua jina. Ni kama likelemba yetu ya Kongo: wanawake kumi, kila mmoja anatoa falanga 20,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anabeba 200,000, na baada ya miezi kumi kila mmoja ametoa sawa na alichopokea. Katika likelemba hakuna wa juu, kuna zamu tu. Kuita piramidi kwa jina la likelemba ni kumsaidia mwongo. Wakongo wenye umri wana neno lao wenyewe: ukisema "Bindo", mzee anakumbuka Kinshasa ya 1990 na 1991, watu wakiuza vyombo vya nyumbani ili waweke makuta, yaani pesa, kwa Michel Bindo Bolembe yaongezeke katika wiki chache. Mwaka 1991 mchezo ulianguka, na jina la mtu likabaki kuwa jina la balaa.

Sasa, uuzaji wa ngazi si Bindo moja kwa moja. Una sabuni, una vidonge, una chai ya kupunguza tumbo. Swali ni kama bidhaa hiyo ni biashara au ni pazia. Mwaka 1979 tume ya biashara ya Marekani iliamua kwamba Amway si piramidi, na sababu zake zinafaa kujulikana hata Katanga. Kampuni ilikuwa na kanuni kwamba muuzaji auze angalau asilimia 70 ya mzigo anaonunua kila mwezi, awe na wateja kumi wa kweli, na mzigo usiouzika uweze kurudishwa kwa pesa. Kwa maneno mengine, fungu la wa juu lilitakiwa litoke kwa mtu wa nje anayetaka sabuni kwa ajili ya kufulia. Lisipotoka huko linatoka kwa waliojiunga wenyewe, na hapo pazia limeanguka. Mwaka 2016 kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili namna ya kuwalipa wauzaji wake nchini Marekani, baada ya tume hiyo hiyo kudai kwamba malipo yalifuata zaidi kuingiza watu kuliko kuuza kwa wateja.

Tulete jambo hili Kapolowe, karibu na Likasi. Kuna ziwa Tshangalele, lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, na kuna samaki wanaopelekwa Likasi na Lubumbashi. Tuseme mama anayeuza samaki ameambiwa anunue pakeji ya kuingilia, kwa dola. Biashara ya samaki anaijua: akiamka na beseni tupu anajua nani amenunua na nani atarudi, kwa sababu kila nyumba itapika bukari, yaani ugali, kesho pia. Kwa vidonge anatakiwa ajiulize: nani Kapolowe, ambaye hajajiunga na hataki kujiunga, atanunua kopo hili kwa bei hii, mara ya pili? Kama hana jina hata moja la kutaja, basi mteja ni yeye mwenyewe.

Hesabu ya ubaoni nayo ni ya kweli, ndiyo maana inavuta. Ingiza watano, kila mmoja aingize watano. Ngazi ya sita ina watu 15,625. Ngazi ya kumi na mbili inahitaji 244,140,625, na Kongo nzima haina hata nusu ya hao. Lakini huna haja ya kufika huko. Popote mlolongo utakapokatika, iwe ngazi ya tatu au ya nane, takribani wanne kati ya kila watano walio ndani wako kwenye ngazi ya mwisho, hawana mtu chini yao. Hao ndio walionunua pakeji, na hakuna atakayewalipa fungu. Bidii haibadilishi hesabu hii. Inabadilisha tu nani atakaa wapi.

Na pesa ya kununulia pakeji hutoka wapi? Likasi inajua pesa ya mkupuo. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines waliondoka na makuta ya kuachia kazi, na wazee wanasimulia jinsi yalivyoisha upesi. Pesa ya namna hiyo, ya kustaafu au ya mavuno, ndiyo ambayo mwalikaji huulizia kwanza.

Limebaki neno moja linalonisumbua kuliko yote. Kwa Kifaransa aliyekuingiza ni "parrain", lile lile la baba wa ubatizo, na wewe ni mtoto wake. Katika nchi ya misheni kama Kapolowe neno hilo lina uzito: baba wa ubatizo hukatai wito wake, wala humdai. Wauzaji wa Kiswahili nao husema "timu yangu", kana kwamba wote wanagawana goli. Nisingetafsiri kwa ukoo wala kwa mpira. "Aliyeniingiza" na "niliyemwingiza" yanatosha, hasa siku ya kuulizana kopo limerudishwa kwa nani.