Bonde la Msimbazi: kijani cha kwenye ramani

Mtaje Msimbazi mbele ya mkazi wa Dar es Salaam, atakuambia mafuriko au mpira. Watani wa jadi wenyewe wamegawana majina ya huko: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Watoto wa Jangwani. Ni nadra sana kumsikia mtu akisema Jumapili jioni ameenda kutembea kando ya Mto Msimbazi. Atembee wapi? Kwenye tope?

Sasa iko mipango inayosema siku hiyo itafika, kwamba sehemu ya chini ya bonde, kuanzia Kigogo hadi Daraja la Selander, iwe bustani ya jiji yenye njia za kutembea na za baiskeli. Kabla hatujapiga makofi, wadau, tuangalie kidogo historia, maana hii si mara ya kwanza bonde hili kupakwa rangi ya kijani kwenye karatasi.

Mto unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Selander. Mwaka 1949 kampuni ya Kiingereza ya Alexander Gibb iliandaa mpango kabambe wa kwanza wa jiji hili. Ndani yake maeneo ya wazi yalikuwa na kazi mbili: kupitisha upepo wa bahari, na kutenganisha watu. Wazungu walipangiwa viwanja vikubwa, Wahindi vya kati, Waafrika walibanana, na katikati yao uwanja mtupu. Mnazi Mmoja ilikuwa imeshafanya kazi hiyo tangu miaka ya nyuma, ikiwa mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Kwa maneno mengine, uwanja wa wazi ulikuwa ukuta usio na matofali.

Baada ya uhuru zikaja ramani nyingine mbili, ya 1968 na ya 1979, zote kazi ya kampuni za Canada. Ile ya 1979 ililiweka Bonde la Msimbazi katika maeneo hatarishi, yasiyofaa kwa makazi. Sawa. Lakini mtu anayefanya kibarua Kariakoo na hana nauli alitakiwa aishi wapi? Viwanja halali vilikuwa vichache na mbali. Bondeni palikuwa karibu, unakwenda kazini kwa miguu. Watu wakajenga. Wengine wakalima mchicha ambao jiji zima limeula, wengine wakachimba mchanga uliojenga nyumba za waliowacheka.

Na tusiwasingizie wanyonge peke yao. Serikali yenyewe iliijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani, na mabasi yalipoanza kazi mwaka 2016 haikuchukua muda maji yakaanza kuyafuata ndani. Ramani ya 1979 ilivunjwa na mwenye ramani.

Malipo yake tunayajua. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo ilielezwa kuwa haikuwahi kuonekana tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na waathirika wengi wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 likaja tingatinga, na alama za X nyekundu kwenye kuta za Hananasif na Mkwajuni. Mafuriko na bomoabomoa, bomoabomoa na mafuriko.

Mwaka 2018 kilifanyika kitu tofauti. Wataalamu, maofisa wa serikali na wakazi walikaa meza moja wakachora pamoja, na mwaka 2019 ukatoka mpango wa bonde zima. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200. Wazo lenyewe ni rahisi: ondoa mchanga uliojaza mto, utumie kuinua kingo, halafu katikati uyaachie maji nafasi yao. Njia ya matembezi ikizama siku mbili, unafagia tope, watu wanarudi. Nyumba ikizama, familia inahamia kwenye darasa la shule.

Mimi naona njia hiyo ina kazi kubwa kuliko matembezi. Historia inatuonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka 70 eneo lililokatazwa bila kupewa kazi halikulindwa na mtu. Kibao cha "Hairuhusiwi kujenga" hakina macho. Lakini njia inayopitwa kila asubuhi na wanafunzi, wauguzi wa Muhimbili, wafanyabiashara wa Kariakoo na vijana wanaokimbia mazoezi ina macho maelfu. Mtu akileta lori la kifusi usiku, asubuhi ataonekana.

Ila njia hiyo isirudie kosa la 1949. Ikiwa na geti na kiingilio, itakuwa ukuta mwingine wenye maua. Ivuke bonde, imtoe mtu wa Magomeni na Kigogo imfikishe Upanga na Kariakoo kwa miguu, bure. Maji taka ya viwandani na majumbani yazuiwe kule juu, kwa sababu hakuna atakayetembea kando ya mto unaonuka. Na wale walioondolewa kwa kulipwa fidia, mwaka 2023 na kuendelea, wasisahaulike siku ya kukata utepe. Bustani ikihitaji watunza miti, madobi, wauza madafu na walinzi, kuna watu wanaolijua bonde hili kuliko mhandisi yeyote. Wamelala nalo, wamezama nalo.

Ramani tatu zimepita na kijani kikabaki kwenye karatasi. Hii ya nne tutaipima kwa jambo moja tu: je, mtoto wa aliyebomolewa nyumba Jangwani ataweza kupita pale na baiskeli yake bila kuulizwa anatoka wapi?