Uvumi Usio na Sanad: Chanjo za Watoto na Mafunzo ya Bagamoyo



Katika mji wa Bagamoyo elimu haikupokewa ovyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu walimwita Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa mwenye asili ya Manyema. Akasoma, akasomesha, akawa mkubwa wa Twarika ya Qadiriya, na alipofariki mwaka 1931 jina lake lilikuwa limeenea pwani na bara. Wanavyuoni wa namna hii walipotoa ijaza, walitaja ni nani aliyewapa wao, na nani aliyempa huyo, mpaka mwanzo wa mnyororo. Hiyo ndiyo sanad. Habari isiyokuwa na sanad, hata ikisemwa kwa sauti tamu namna gani, haikuwa hoja.

Ajabu ni kwamba sisi tuliorithi mizani hiyo tunaitupa pale pale tunapofikia habari za miili ya watoto wetu. Mama wa Mapinga, Kaole au Saadani humbeba mwanawe kwenda kliniki, na njiani huambiwa kwamba sindano ile itamfanya mtoto awe tasa. Akiuliza ni nani aliyesema, hujibiwa: "Watu wanasema." Naye hurudi nyumbani. Je, hao watu ni nani? Walimsikia nani? Na mtoto akipatwa na surua au kifaduro, nani kati yao atakuja kumwuguza?

Yafaa basi tutazame historia, kwani pwani yetu imeyaona mambo haya zamani, na imelipa gharama yake.

Ndui katika njia ya misafara

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Wapagazi walishuka kwa maelfu wakibeba pembe za ndovu, na pamoja nao walishushwa watumwa waliokuwa wamechoka na kukonda kwa njaa. Lakini katika mizigo ile mlikuwamo mzigo mwingine usioonekana, nao ni ndui. Kambi za wapagazi ziliposongamana, ugonjwa uliruka kutoka mtu hadi mtu, ukaingia mjini na kuvuka bahari hadi Unguja. Aliyepona alibaki na makovu ya uso, na wengine walipofuka.

Wala kinga haikuanza kwa Wazungu. Tabibu Mwislamu Al-Razi, aliyefariki mnamo mwaka 925, aliandika kitabu kilichotenganisha ndui na surua. Katika Sudan, katika karne ya 18, kina mama walikuwa na desturi ya "kununua ndui": mama alikwenda nyumba yenye mtoto mgonjwa, akamfunga mgonjwa kitambaa cha pamba mkononi, akapatana na mamake bei ya idadi ya vipele, kisha akakifunga kitambaa kile mkononi mwa mwanawe mwenyewe ili augue kidogo na apone. Huko Uturuki watu walikuwa wakichanja kwa usaha wa ndui, na ni kutoka huko ambako Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliipeleka desturi hiyo kwao. Binti yake alichanjwa London mwaka 1721. Mwaka 1796 ndipo tabibu Edward Jenner alipoonyesha kwamba ndui ya ng'ombe, isiyo na hatari kubwa, yamkinga mtu na ndui yenyewe.

Hata neno letu lashuhudia. "Chanjo" latokana na kuchanja, na mababu zetu walijua kuchanja chale kabla hawajaona sindano. Basi anayesema kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu, hajauliza wazee.

Hofu ina asili yake

Hata hivyo si haki kuwacheka walioogopa. Ukoloni ulikuja na bunduki mkono mmoja na dawa mkono wa pili, na mtu aliyelazimishwa kulipa kodi ya nyumba hawezi kuamini kwa wepesi kwamba mkono ule ule unamtakia afya. Mwaka 1906 Profesa Robert Koch wa Ujerumani alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, akawatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya zaranikhi ndani yake. Baadhi ya waliotibiwa walipofuka.

Katika mazingira kama hayo ndipo uvumi wa mumiani ulipopata nguvu. Mumiani, neno lenye asili ya Kifarsi, ilikuwa ni dawa nyeusi mfano wa lami, iliyotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu mengineyo. Baadaye ikavuma pwani nzima kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya watu, na kwamba wapo wanaotembea usiku kuwakamata watu na kuwanyonya. Tangu hapo kila aliyekuja na sindano au chupa ya kutolea damu aliweza kushukiwa kuwa ni mumiani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uvumi huota mahali ambapo watu wamefichwa jambo, au wamefanyiwa jambo bila ya kuulizwa. Kuijua asili ya hofu ni wajibu. Lakini kuijua asili yake si sawa na kuifuata popote inapokwenda.

Mpishi wa Marka

Mwaka 1967 Shirika la Afya la Ulimwengu lilizidisha kampeni ya kuiondoa ndui duniani. Miaka kumi baadaye ugonjwa huo ulibaki Somalia peke yake. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Marka, katika pwani ya Banadir, kijana aitwaye Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliingia katika gari iliyowachukua watoto wawili wagonjwa ili kumwonyesha dereva njia. Safari ilikuwa fupi mno, lakini ilitosha. Siku chache baadaye akashikwa na homa, kisha vipele.

Kijana huyu alikuwa akifanya kazi hospitalini, na chanjo ilikuwapo. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu alipona, na watu zaidi ya 50,000 walichanjwa upesi mjini humo na pembezoni mwake. Yeye akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa. Mwezi Mei 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha, baada ya kuua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 300 katika karne ya 20 pekee.

Ali Maow Maalin hakuificha aibu yake. Polio ilipoisumbua Somalia, alijiunga na wachanjaji, akawa akikaa na wazazi waliokataa na kuwasimulia yaliyompata. Hii ndiyo sanad iliyo bora: mtu asemaye "nilikosea mimi mwenyewe, na alama zake ni hizi hapa mwilini." Mwaka 2013, akiwa katika kazi hiyo hiyo, aliugua homa ya malaria akafariki.

Yaliyotokea Kano

Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini ya Nigeria, na hasa Kano, yalisimamisha chanjo ya polio. Ilisemwa kwamba ndani yake mmetiwa dawa ya kuwafanya wasichana wa Kiislamu wawe tasa. Watu wa Kano walikuwa na jeraha la kweli: mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake kwa watoto wa hapo, na watoto 11 kati ya 200 waliokuwamo katika jaribio lile walifariki, baadhi wakiwa wamepewa dawa hiyo mpya na baadhi dawa ya kawaida. Wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa sawasawa, na kesi ya serikali ya Kano ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2009.

Lakini tazama jeraha lile lilivyotumiwa. Kosa la dawa moja likageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya chanjo nyingine isiyohusika. Kano ilikaa karibu mwaka mzima bila ya chanjo, mpaka mwaka 2004 ilipoletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Wakati huo virusi vilikuwa vimekwisha safiri. Vilifika Sudan, vikafika Yemen, na mwaka 2005 vikalemaza watoto katika Indonesia ile ile iliyotoa chanjo. Aliyeanza kusema maneno yale hakulipa kitu. Aliyelipa ni mtoto wa mbali asiyejua hata Kano iko wapi.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ya uvumi ni ya Waislamu au ya Waafrika peke yao. Mwaka 1998 huko Uingereza daktari Andrew Wakefield aliandika, kwa kutegemea watoto 12 tu, maneno yaliyowafanya wazazi waihusishe chanjo ya surua na usonji. Uchunguzi uliofuata, wa watoto wengi mno, haukuona uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida lililochapisha makala yake liliifuta, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Lakini uvumi haukufutika, na surua ikarudi katika nchi tajiri zilizokuwa zimeisahau.

Watoto wa Bagamoyo

Sasa turudi nyumbani. Ugonjwa wa malaria uliomwua mpishi wa Marka ndio huo huo uliowafanya wazee wa pwani wazike watoto kila msimu wa mvua. Katika Bagamoyo, Taasisi ya Afya ya Ifakara ilifungua kituo cha utafiti, na humo, chini ya Dakta Salim Abdulla na wenzake, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wachanga 340. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Mwaka uliofuata likaanza jaribio kubwa lililowahusisha watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Bagamoyo na Korogwe zikiwa miongoni mwa vituo vyake.

Lililo muhimu kwetu ni namna matokeo yalivyotangazwa. Hawakusema kwamba wamepata kinga kamili. Walisema kwamba kwa watoto waliopewa dozi nne, walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36 hivi katika muda wa miaka minne. Tena waliandika jambo lililo dhidi yao: kwamba homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa kuliko wasiochanjwa. Ingewezekana kulinyamazia. Badala yake liliwekwa wazi, na Shirika la Afya la Ulimwengu likataka lichunguzwe kwanza. Mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya zikaanza kuitoa chanjo kwa uangalizi maalumu. Baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa, ilidhihirika kwamba hatari ile haikutokana na chanjo, na mwezi Oktoba 2021 ndipo ilipopendekezwa kwa watoto wa Afrika. Chanjo ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo miongoni mwa vituo vyake, ilifuata mwaka 2023.

Hii, ndugu zangu, ndiyo sanad ya dawa. Inataja watoto wangapi, wapi, mwaka gani, nani alisimamia, na kasoro gani zilionekana. Wapokezi wa hadithi walipimwa kwa ukweli wao, na mpokezi aliyejulikana kwa uwongo aliachwa hata akiwa mtu wa ibada nyingi. Basi tupime hivyo hivyo. Uvumi wa utasa ulete sanad yake: binti gani, kijiji gani, daktari gani alimpima?

Wajibu wa pande mbili

Sura ya Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Amri hii yatuhusu wote.

Yamhusu kwanza mganga na mwuguzi. Mzazi anayeuliza si adui wala si mjinga. Aambiwe kwamba mtoto anaweza kupata homa usiku ule, mkono ukavimba, na mara chache sana likatokea jambo kubwa zaidi. Na aonyeshwe pa kukimbilia likitokea. Anayeficha dogo hataaminiwa katika kubwa. Sese na Kano zimetufundisha hivyo.

Yamhusu pia mzazi, na imamu, na mwalimu wa madrasa. Neno lisemwalo barazani baada ya Isha hufika jikoni kabla ya Alfajiri. Tusilitoe mpaka tujue limetoka wapi. Mtoto ni amana. Hana uwezo wa kwenda kliniki kwa miguu yake, wala wa kumwuliza msemaji ushahidi. Sisi ndio miguu yake na ulimi wake.

Wapo wasemao kwamba wapagazi walipofika pwani walitua mizigo yao wakasema "bwaga moyo." Mama wa leo naye ataubwaga moyo wake akikuta kliniki mtu mkweli, na njiani watu wanaojua kunyamaza.

Mwenyezi Mungu atupe ndimi za kweli, na awahifadhi watoto wetu. Amin.