Nani Alikuwa wa Mwisho Kugusa Namba Hii?

Mwaka juzi, nikiwa nakusanya data za shahada yangu ya pili, nilikaa wiki tatu kwenye ofisi moja ya afya huku nyanda za juu za Kigoma. Siku moja kikao kizima kilisimama kwa sababu ya namba moja. Zahanati ndogo, njia ya Kasulu kwenda Kibondo, ilikuwa imeripoti watoto 412 wenye malaria kwa mwezi mmoja, wakati kawaida yake haifiki 150. Kiongozi wa kikao akaomba kumbukumbu ifunguliwe kwenye kompyuta, akasoma jina lililohifadhiwa pamoja na namba ile, akamgeukia dada wa takwimu: "Dada, jina lako ndilo la mwisho hapa."

Akajibu taratibu, "Mimi nimepunguza sifuri tu, mzee. Nilikuta 4120."

Hakuna aliyemsikiliza. Kikao kikaendelea, yeye akaandikiwa barua ya kujieleza. Mimi nikabaki na swali: hivi jina la mwisho linatuambia nini hasa?

Tuanze na karatasi. Mfumo wetu wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulienea nchini miaka ya 1990, kazi yote ikiwa ya vitabu na kalamu. Kwenye karatasi kuna kanuni ya zamani ambayo kila karani anaijua: ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni, weka saini. Namba ya kwanza inabaki inasomeka, na mikono yote miwili inaonekana. Kompyuta, kwa asili yake, haina adabu hiyo. Ukiandika 412 juu ya 4120, ile ya zamani imekwenda na maji, labda mtu awe amepanga mapema itunzwe wapi.

Waandishi wa programu waliligundua tatizo hili mapema. Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs, Marekani, alitengeneza SCCS, mfumo wa kutunza kila badiliko la programu: nani kabadilisha, lini, na kwa nini. Hilo "kwa nini" lilikuwa na nafasi yake maalumu. Lengo lilikuwa anayekuja baadaye aelewe mawazo ya aliyetangulia.

Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ikaiachia dunia Bugzilla, iliyoandikwa na Terry Weissman. Hii ni daftari la kasoro: kila tatizo la programu lina ukurasa wake, na watu wengi wanaugusa. Mmoja anabadilisha hali kutoka "mpya" kuwa "imetatuliwa", mwingine anairudisha. Bugzilla haikuridhika na kisanduku kimoja cha "aliyebadilisha mwisho". Iliweka jedwali la pembeni ambalo kila badiliko ni mstari wake: nani, lini, sehemu gani, nini kimeondolewa, nini kimewekwa. Ndiyo maana unaweza kuiuliza, "nionyeshe kasoro zote ambazo hali yake iliwahi kubadilishwa na fulani." Jira, iliyotoka mwaka 2002, nayo ina maswali ya namna hiyo.

Hapo ndipo penye utamu. "Aliyewahi kubadilisha" na "aliyebadilisha mwisho" ni maswali mawili tofauti. La pili linaonekana rahisi, lakini ukitaka kulijibu vizuri inabidi upange mistari yote ya historia kwa tarehe, uchukue wa juu kabisa, kisha usome na ya chini yake. Ukiusoma wa juu peke yake, umemjua aliyefunga mlango. Waliopita mlangoni hujawajua.

Sasa turudi nyumbani. DHIS2, programu iliyoanza kujengwa Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2004 juu ya kazi iliyoanzia Afrika Kusini, ililetwa Tanzania kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kufikia mwisho wa 2013 ilikuwa imefika nchi nzima. Kila namba ndani yake inabeba jina la aliyeihifadhi na tarehe ya badiliko la mwisho. Pembeni kuna jedwali la ukaguzi linalotunza thamani za zamani na majina ya waliozibadilisha. Kwa hiyo majibu yapo, mtu akijua pa kuyatafuta.

Lakini kwa Kasulu na Kibondo kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

La kwanza, zahanati nyingi zimekuwa zikijaza fomu ya karatasi, ikapanda pikipiki mpaka mjini, na mtu wa wilaya ndiye anayeiingiza. Jina kwenye kompyuta ni la aliyechapa. Nesi aliyehesabu vijiti kwenye karatasi hana akaunti, kwa hiyo kwenye mfumo ni kama hayupo. Tena umeme ukirudi jioni, anayepata nafasi anaendelea kwenye akaunti iliyoachwa wazi.

La pili, mwaka 2012 Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu. Kwenye mfumo wa aina hii, ukihamisha zahanati kwenda wilaya mpya, takwimu zake za nyuma zinahama nayo. Jumla ya Kibondo inashuka bila mtu kugusa hata namba moja. Tafuta usiku kucha aliyebadilisha namba, hutampata. Alichobadilisha mtu ni kituo, na jina lake limeandikwa huko.

Na ile 412? Siku mbili baadaye tulifungua historia yake. Mtu mwingine aliingiza 4120. Dada akaisahihisha kuwa 412, kama fomu ilivyosema. Tukaenda mpaka zahanati, mganga mfawidhi akatutolea rejista, tukahesabu mgonjwa mmoja mmoja: 142. Tarakimu zilipinduka wakati wa kujumlisha, kwenye karatasi, kabla kompyuta haijahusika.

Kwa hiyo aliyekuwa na jina la mwisho ndiye pekee aliyeisogeza namba karibu na ukweli. Barua yake ilifutwa, lakini kwa wiki ile hakuna karani aliyethubutu kusahihisha kitu. Kila mmoja aliogopa kuwa wa mwisho. Hebu fikiria dawa za malaria zinaagizwa kwa namba hizo hizo.

Ukikutana na jina la mwisho kwenye mfumo wowote, uliza maswali matatu: kabla yake palikuwa na nini, alibadilisha kwa kufuata nini, na akaunti ile ilikuwa mikononi mwa nani. Ukishayajibu, ndiyo uandike barua.